Vioo vya kubadilika rangi nyumbani Lubumbashi: mambo ya kuzingatia kabla ya kununua

Swali la chapa lije la tatu. La kwanza ni kazi unayotaka kioo kifanye: kuzuia jua, au kuficha watu walio ndani. La pili ni hali ya kioo pale umeme wa SNEL, shirika la umeme la Kongo, unapokatika. Ukishajibu hayo mawili, chapa nyingi zitajiondoa zenyewe kwenye orodha yako.

Wauzaji huita kwa jina moja vitu vinne visivyofanana. PDLC, ambayo ndiyo inayouzwa kwa wingi kama filamu ya kubandika, ina vitone vya fuwele za kimiminika katikati ya plastiki mbili zinazopitisha umeme. Ukiwasha, unaona nje. Ukizima, kioo kinakuwa cheupe kama maziwa. Inaficha vizuri, lakini haileti giza, na joto inalipunguza kidogo tu. Anayeinunua ili sebule ipoe mwezi wa kumi atajuta. SPD ina rangi tofauti na hiyo: bila umeme inakuwa bluu iliyokolea, karibu nyeusi, na ukiwasha unaona nje. Kioo cha elektrokromiki hutumia volti chache za DC (umeme wa mkondo mmoja, kama wa betri) na kubadilika polepole, kwa dakika kadhaa. Hicho hupunguza jua kwa kweli: SageGlass ya Saint-Gobain, kwa mfano, inaweza kushusha mwanga unaopita kutoka karibu 60% hadi 1%. Lakini huundwa kiwandani kwa kipimo cha dirisha lako na hakikatwi hapa mjini. Cha mwisho ni kile kinachogeuzwa na joto la jua lenyewe, kama Suntuitive ya Marekani. Hakina waya wala swichi, kwa hiyo delestaji (mgao wa umeme) haikigusi, ila huwezi kukiamuru.

Tembea nyumba nzima na uandike kila dirisha linatazama wapi. Lubumbashi iko karibu nyuzi 11.7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo sehemu kubwa ya mwaka jua la saa sita mchana linakaa upande wa kaskazini, tena juu. Paa lililotokeza vizuri linatosha kulizuia. Jua gumu ni la magharibi, saa tisa hadi saa kumi na mbili jioni, kwa sababu linaingia chini ya paa. Pesa ziende huko kwanza. Madirisha ya kusini kwa kawaida hayahitaji teknolojia yoyote, na kama shida yako ni joto peke yake, filamu ya kawaida ya seramiki itakusaidia kuliko PDLC, kwa bei ndogo zaidi. Na kama ni kuficha unakotaka, ujue kwamba filamu ya kuakisi, ile inayong'aa kama kioo cha kujitazamia, inaficha mchana peke yake: usiku taa ikiwaka ndani, wa barabarani anakuona.

Sasa umeme. PDLC ukiizima inabaki nyeupe, kwa hiyo delestaji ikiingia chumba cha kuogea kinabaki siri, lakini sebule inapoteza mandhari. Kwa SPD sebule inaingia giza mchana. Kwa elektrokromiki, muulize muuzaji kwa maandishi: kikikosa umeme kinashika rangi kwa muda gani, na kinarudi hali gani? Majibu hutofautiana kati ya chapa na chapa.

Hesabu ya PDLC ni rahisi. Chukua wati 5 kwa mita ya mraba kama karatasi ya bidhaa haisemi vingine. Mita 8 za mraba ni wati 40. Ongeza robo, upate 50, kisha nunua transfoma ya wati 60. Filamu nyingi hutaka AC (umeme wa mkondo geu, kama wa ukutani) ya volti kati ya 48 na 65, na ni lazima transfoma iwe ile iliyotajwa na mtengenezaji wa filamu. Ikizidi volti, filamu inaungua kingoni. Ikipungua, inabaki na ukungu hata ikiwa imewashwa. Usiiunganishe kamwe na betri moja kwa moja, maana DC huharibu fuwele. Kama una betri ya risasi ya volti 12, Ah 100, tumia nusu yake tu: Wh (wati-saa) 600. Ukitoa upotevu wa inveta, mzigo wa wati 40 utakaa kwa muda wa saa 10 hadi 12. Inveta iwe ya wimbi safi (pure sine wave). Ile ya bei rahisi hufanya transfoma iungurume na kupata joto. Mbele ya transfoma weka kidhibiti cha volti kinachochelewesha umeme dakika chache unaporudi, kwa sababu vifaa hufa zaidi umeme unaporudi ghafla kuliko unapokatika.

Ndipo uje kwenye chapa. Omba kipande cha sampuli pamoja na transfoma yake, ukibandike kwenye dirisha la magharibi kwa wiki mbili. Kiangalie ukiwa pembeni, si mbele tu: PDLC dhaifu inaonyesha ukungu kwa mshazari. Ukungu ikiwa imewashwa usizidi 5%. Usiku, filamu ikiwa imezimwa, simamisha mtu karibu na kioo na taa iwake nyuma yake, uone kama umbo lake linasomeka. Kuhusu dhamana, uliza nani atalipa usafiri hadi hapa kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kwa sababu dhamana ya miaka mitano inayotaka urudishe filamu Asia kwa gharama yako ni karatasi tu. Ukubwa wa jina nao si kinga: View ya California, iliyojulikana sana kwa elektrokromiki, iliomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi mwaka 2024. Chagua mfumo ambao swichi yake ya ukutani inafanya kazi bila intaneti wala programu ya simu.

Vipimo: pima upana na urefu mahali patatu, chukua kidogo kabisa, kisha punguza milimita 2 kila upande. Filamu ikigusa fremu ya aluminiamu inaweza kupiga shoti. Kioo chenye mikunjo au nakshi hakishiki filamu. Kioo cha kawaida chenye ufa au kingo zilizomeguka kisibandikwe filamu inayofyonza joto: nusu ikiwa juani na nusu kivulini, kinapasuka.

Kazi ifanywe asubuhi, madirisha yamefungwa, feni imezimwa, sakafu imenyunyiziwa maji, hasa kati ya mwezi wa sita na wa tisa vumbi jekundu linapozagaa. Filamu ya PDLC ibandikwe kavu, upande wa ndani. Fundi aliyezoea filamu za magari atataka kunyunyiza maji ya sabuni. Mzuie, kwa sababu maji yakifika kwenye ukanda wa shaba unaopitisha umeme kingoni, doa jeupe lisilowaka litaanza hapo na kupanda. Kingo zizibwe kwa silikoni ya aina isiyo na asidi; ile yenye harufu ya siki inakula shaba. Fremu inayovuja itengenezwe kabla ya mvua za mwezi wa kumi na moja, si baada ya filamu kuwekwa.