Gesti nje ya nchi: anza na vibali, nyumba iwe ya mwisho

Watu wengi wakipata wazo la kufungua gesti nje, kitu cha kwanza wanaingia mtandaoni kuangalia nyumba zinazouzwa, wanaona bei, wanaona bahari inaonekana dirishani, moyo ushaenda. Nakuomba sana usianzie hapo. Nyumba ndo kitu cha mwisho kabisa kutafuta, maana ukishailipia alafu ukagundua huruhusiwi kuishi pale, au mtaa ule hawatoi leseni za kulaza wageni, utakuwa na jengo tu na deni juu yake.

Anza na viza. Kumiliki nyumba kwenye nchi hakukupi haki ya kuishi hapo, na hata ukipata ya kuishi haimaanishi umepata na ya kufanya kazi, hivi ni vitu vitatu tofauti. Nchi nyingi ukiwa na viza ya utalii alafu ukaonekana unapokea wageni, unapika chai asubuhi na kutandika vitanda, hiyo ni kazi na unaweza kurudishwa kwenu. Kwahiyo uliza mapema ni kibali gani cha biashara kinakuhusu, kinadai mtaji kiasi gani, lazima uajiri wenyeji wangapi, na mwenza wako anaruhusiwa kufanya kazi au yeye ni wa kukaa tu, hili la mwenza watu wanalisahau kabisa na gesti ndogo bila watu wawili wa kusaidiana haiendi.

Baada ya hapo ardhi. Thailand mtu asiye raia kwa kawaida hamiliki ardhi, anaweza kukodi kwa mkataba wa hadi miaka 30 au kununua fleti kwenye jengo ambalo wasio raia hawamiliki zaidi ya asilimia 49 ya eneo la fleti zote. Mexico ukitaka nyumba ndani ya kilomita 50 kutoka baharini au 100 kutoka mpakani, unapitia benki ambayo inashika hati kwa niaba yako kwa miaka 50 na inaweza kuongezwa. Indonesia umiliki kamili wa ardhi ni wa raia peke yao. Sasa kote huko utakutana na mtu anakwambia usiwe na wasiwasi, tutaandika jina la mwenyeji kwenye hati alafu tunasaini karatasi pembeni. Kataa. Ile karatasi ya pembeni mahakamani haina nguvu na nyumba ni ya yule aliyeandikwa. Tafuta wakili wako mwenyewe, usitumie wa muuzaji wala aliyeletwa na dalali, umlipe wewe ili akutetee wewe.

Leseni ndo eneo linalobadilika haraka kuliko yote, na hapa usikubali kusikia "jirani anafanya na hajawahi kusumbuliwa". Japani tangu 2018 nyumba ya kawaida iliyosajiliwa kulaza wageni inaruhusiwa siku 180 tu kwa mwaka, ukitaka mwaka mzima lazima uombe leseni ya biashara ya hoteli ambayo masharti yake ni mazito zaidi. Jiji la New York tangu Septemba 2023 linasimamia kwa ukali kwamba ukikodisha nyumba yako kwa chini ya siku 30 inabidi mwenyewe uwepo ndani na wageni wasizidi wawili. Barcelona ilitangaza 2024 kwamba leseni za fleti za watalii, zaidi ya 10,000, hazitaongezwa muda zikiisha Novemba 2028. Yani hesabu zako zote zinaweza kufutwa na kikao kimoja cha halmashauri, kwahiyo nenda mwenyewe ofisi ya mipango miji, uliza jengo hili kwa anwani hii linaruhusiwa nini, na uombe jibu kwa maandishi. Kama unanunua gesti inayofanya kazi tayari uliza pia kama leseni inahamia kwako au inakufa na mwenye nyumba wa zamani.

Hayo yakikaa sawa, nenda ukakodi chumba ukae pale, na uende msimu mbaya, sio ule wa watalii. Msimu wa watalii kila mji unapendeza. Nenda kipindi cha mvua au baridi uone migahawa mingapi imefunga, usafiri upo au hakuna, ulale kwenye gesti za wenzako na uhesabu taa zinazowaka usiku.

Alafu piga hesabu kwa ukali. Vyumba 4 mwezi wa siku 30 ni usiku 120, usitegemee kuuza zote, weka nusu tu, yani 60. Mitandao ya kuuzia vyumba kama Booking.com sehemu nyingi inachukua karibu asilimia 15, kwenye hizo 60 usiku 9 ni za kwao. Toa chakula, umeme, dobi, kodi, bima, matengenezo. Kama kinachobaki hakitoshi kukulisha na kulipa mkopo hata kwenye miezi mibaya, hiyo nyumba ni ghali hata kama bei yake inaonekana ndogo.

Ukifika sasa kwenye kuchagua nyumba, angalia mabafu kabla ya mandhari. Chumba chenye bafu lake kinauzika kirahisi zaidi na kwa bei nzuri, na kuongeza mabomba kwenye ukuta wa zamani kunakula hela kupita unavyodhani. Uliza tenki la maji ya moto linahimili watu 8 wakioga saa moja asubuhi. Lala humo usiku mmoja ikiwezekana usikilize kama kuta zinapitisha kelele. Kingamoto usibane bajeti kabisa: vitambua moshi kila chumba na kwenye korido, kitambua kaboni monoksaidi (hewa ya sumu isiyo na harufu) kama kuna jiko au hita ya gesi, na milango ya kutokea ifunguke kwa ndani bila funguo. Mashuka nunua seti 3 kwa kila kitanda, moja kitandani, moja kwa dobi, moja kabatini, na yawe meupe maana yanavumilia maji ya moto na dawa ya madoa.

Bima ya kawaida ya nyumba mara nyingi hailipi ukiwa unalaza wageni wa kulipia, mwambie wakala wazi unafanya biashara gani. Uliza na sheria ya kuripoti wageni, Italia na Thailand unatakiwa kupeleka taarifa zao kwa mamlaka ndani ya saa 24. Na kama unatoa chai ya asubuhi kwenye nchi za Umoja wa Ulaya, kuna aina 14 za vyakula vinavyosababisha mzio ambavyo lazima umjulishe mgeni kama vimo, karanga, maziwa, mayai na vinginevyo.

Mwanzoni itabidi utegemee ile mitandao, haina ubaya, jina lako bado halijulikani. Ila kuanzia siku ya kwanza kuwa na tovuti yako hata ya ukurasa mmoja na namba ya WhatsApp, na mgeni akiondoka na furaha mwambie akirudi aje moja kwa moja kwako, umpunguzie kidogo kwenye ile asilimia 15, inayobaki ni yako.