Kuyafuata maporomoko ya msimu upande mkavu wa Usambara

Ukisafiri kwa basi kutoka Tanga kwenda Arusha wakati wa masika, kaa dirisha la kulia. Ukishaiacha Mombo, tazama ukuta wa mlima unaokwenda na barabara kuelekea Mazinde na Mkumbara. Mvua ikiwa imenyesha vizuri, utaona mistari myeupe imening'inia kwenye majabali. Hayo ni maji. Pita tena mwezi wa tisa, utakuta jiwe tupu, migunga na vumbi.

Naishi Mombo, na kwa miaka 11 sasa nawapeleka watu kwa miguu kwenye maporomoko hayo. Wengi wanaijua Usambara ya ubaridi: Lushoto, pea na plamu, ukungu wa asubuhi. Upande huu ni mlima uleule, lakini umenyimwa mvua. Pepo za Bahari ya Hindi hupanda miteremko ya mashariki na kumwaga mvua huko kwanza, ndiyo maana Amani hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Zikifika huku magharibi zimeshajikamua. Chini kuna mibuyu, minyaa na mashamba ya mkonge. Juu, karibu mita 1,000 kutoka tambarare, kuna misitu na mashamba ya mboga. Mvua ikinyesha huko juu, maji hukusanyika kwenye makorongo na kushuka kwa kishindo hadi kwenye ukame huu wetu. Kwa hiyo shika jambo moja kabla ya yote: maji unayoyafuata hayakunyesha pale uliposimama. Kila hatua ninayoieleza hapa inatokana na hilo.

Hatua ya 1: Chagua siku

Msimu mzuri ni masika, kuanzia Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba. Lakini mwezi peke yake hautoshi. Ninachokitafuta ni mvua kubwa mbili au tatu mfululizo milimani, halafu siku moja kavu. Siku hiyo kavu ndiyo yako. Ukienda mvua ikiendelea, korongo ni hatari. Ukichelewa juma zima, makorongo mafupi yatakuwa yamebaki na matone tu.

Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, kisha piga simu kwa mtu aliye juu. Mimi huwauliza watu wa Shume na Lushoto, si wa Mombo. Huwa nawauliza maswali mawili: jana mvua ilinyesha saa ngapi, na sasa hivi mawingu yako wapi. Kama huna unayemfahamu, madereva wa noah na kosta za Lushoto wanaoshuka stendi ya Mombo asubuhi watakujibu vizuri tu. Waulize pia poromoko la Soni, ambalo liko kando ya barabara yao, likoje leo. Wakikwambia maji ni mengi na yana rangi ya chai ya maziwa, ahirisha. Kunywa chai, lala, jaribu kesho.

Hatua ya 2: Fika jana yake

Kutoka Tanga unapita Muheza, Segera na Korogwe. Ukiondoka asubuhi kwa basi utafika Mombo jua limeshakuwa kali, na safari hii haianzi saa 5. Lala gesti Mombo, ule mapema, upange na bodaboda aje saa 11 alfajiri.

Hatua ya 3: Piga hodi kijijini

Hatua hii watu huiruka, nami naiheshimu kuliko zote. Makorongo haya yanapita kwenye mashamba, vyanzo vya maji na misitu ya hifadhi. Ukienda kimyakimya na begi mgongoni, watu wana haki ya kukushuku. Nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji au ofisi ya mtendaji wa kijiji, jieleze, andika jina kwenye daftari la wageni. Kama njia inaingia msitu wa hifadhi, watakuelekeza kwa wahusika wa misitu upate kibali, na kibali hicho ulipie.

Kisha omba mwenyeji wa kukuongoza. Usitafute kijana mwenye maneno mengi. Tafuta anayechunga mbuzi au kukata majani upande huo. Mara ya kwanza nilipokwenda kuomba njia, nilimkuta mzee ameketi chini ya mwembe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Unatafuta nini huko korongoni?"

"Naenda kuangalia maji, mzee."

"Maji yenyewe yamekwita, au unajipeleka?"

Nilidhani ananitania. Alikuwa ananiuliza kama nimepata habari za mvua ya juu. Sikuwa nazo, akanirudisha nyumbani, na jioni ile korongo lilijaa hadi kwenye migomba. Tangu siku hiyo siondoki bila kupitia kwake kumwamkia. Ukiweza kusema "onga maundo" asubuhi, milango hufunguka haraka zaidi, maana Msambaa hufurahi kusikia mgeni akihangaika na lugha yake.

Hatua ya 4: Beba vinavyofaa

Maji ya kunywa lita 3 au 4 kwa kila mtu. Usiseme unakwenda kwenye maji kwa hiyo utakunywa huko. Maji ya korongo yamepita kwenye mashamba na vijiji vya juu, yachemshe au yatie dawa kwanza. Beba pakiti mbili za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini), chakula chenye chumvi, kofia, shati la mikono mirefu, tochi, filimbi, bandeji na kamba ya mita 15. Simu ifunge kwenye mfuko wa nailoni. Viatu viwe vya soli yenye meno. Yeboyebo ni nzuri ya kuvukia maji, lakini juu ya jabali lenye kijani itakuangusha. Kata fimbo imara inayokufika kifuani.

Hatua ya 5: Anza kabla ya jua

Saa 12 asubuhi uwe mguuni. Sehemu ya kwanza ni tambarare, na ndiyo inayochosha watu kwa sababu hakuna kivuli. Tembea taratibu, kunywa kidogokidogo kila nusu saa, usingoje kiu.

Angalia unachoshika. Mnyaa ukivunjika hutoa utomvu mweupe unaounguza. Ukiingia jichoni, osha kwa maji mengi papo hapo na utafute hospitali. Upupu nao hupanda kwenye vichaka vya njiani, maganda yake yana manyoya ya kahawia. Ukikugusa usikune, utausambaza. Paka tope, liache likauke, kisha likwangue pamoja na manyoya. Na usiweke mkono kwenye ufa wa jiwe usiouona ndani: kifutu hupenda mahali hapo, na hakimbii mtu.

Hatua ya 6: Ingia korongoni kwa macho ya juu

Hapa nitakawia, maana hapa ndipo watu wanapofia.

Kabla ya kushuka, simama ukingoni dakika kumi. Tafuta alama ya maji ya mwisho: majani makavu na vijiti vilivyonasa kwenye matawi. Kama vimenasa juu ya kichwa chako, basi ujue maji yalifika juu ya kichwa chako. Chagua kabisa njia ya kutokea, na kila mita 50 unazosonga mbele chagua nyingine. Ukifika mahali kuta zimebana pande zote mbili na huoni pa kupandia, pita haraka bila kupumzika. Picha utapiga mbele.

Miaka ya mwanzo niliwahi kuingia na vijana sita. Jua lilikuwa linawaka, mbingu ya kwetu haikuwa na doa. Tuliweka mabegi kwenye mchanga katikati ya korongo tukakaa kula. Kwanza upepo wa baridi ulishuka, nikaufurahia. Kisha maji yaliyokuwa maangavu yakaanza kuleta majani na vijiti, yakageuka kahawia. Nikapiga kelele watu wapande. Tulikuwa hatujafika mita nne juu ya mwamba tuliposikia mngurumo kama wa lori la mkonge linaloshuka bila breki, na mabegi yote sita yakaondoka. Tulikaa pale juu hadi saa 11 jioni, tukisubiri maji yapungue. Mvua ilikuwa imenyesha Shume. Sisi hatukupata hata tone.

Alama zenyewe ndizo hizo: upepo wa baridi wa ghafla, harufu ya tope, majani na vijiti majini, maji kubadilika rangi, mngurumo. Ukiona moja tu, panda. Usirudi kuchukua kitu. Panda ukingoni, usijaribu kukimbia kulifuata korongo kwenda chini, kwa sababu maji yatakupita.

Kwa kuvuka mkondo: maji yakipita goti, usivuke. Yakiwa chini ya goti, legeza mikanda ya begi, elekea maji yanakotoka, fimbo mbele, sogeza mguu mmoja tu kwa wakati.

Hatua ya 7: Kwenye poromoko lenyewe

Utalisikia kabla ya kuliona. Joto linapungua, hewa inakuwa na unyevu, na majani yanabadilika. Penye miiba panatokea ferni. Miamba ya Usambara ni migumu na mikongwe sana, hivyo maji huisugua hadi ikawa laini kama sahani. Usisimame kwenye kijani wala juu ya mdomo wa poromoko, hata ukiombwa picha.

Usikae chini kabisa ya maji yanapoangukia, maana mvua hulegeza mawe ya juu. Usirukie kidimbwi, wiki iliyopita kilikuwa na kina, leo huenda kimejaa mawe. Nyuki hujenga kwenye nyufa za miamba hii, kwa hiyo usipake manukato, usiwashe moto, usirushe mawe juu. Wakikuvamia, funika uso, kimbia mbali.

Kwenye kivuli cha mwamba wenye unyevu, ukibahatika, utaona ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoyamanyoya, lile Waingereza wanaloliita African violet. Watu wa dunia nzima wanalifuga madirishani, na asili yake ni milima hii ya Tanzania na Kenya; Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire alipeleka mbegu zake kwao kutoka Usambara mwaka 1892. Liangalie, liache. Huota sehemu ndogondogo sana, na likishang'olewa pale hakuna jingine la kuziba pengo.

Hatua ya 8: Geuka saa 6

Mawingu ya milimani hujengeka mchana. Saa 6 ikifika, geuka hata kama poromoko limebaki kona moja. Nimewahi kugeuza kundi lililokuwa linasikia maji kabisa, wakaninunia hadi Mombo. Sikuomba radhi.

Ukipatwa na dharura, simu ya polisi ni 112 na ya zimamoto na uokoaji ni 114. Lakini korongoni mtandao hukatika, kwa hiyo msaada wa kwanza ni yule mwenyekiti anayejua umeingia wapi na utatoka saa ngapi. Ukitoka, pita kwake umwambie umetoka salama, usimwache akikesha.

Jioni andika kwenye daftari: tarehe, mvua ilinyesha lini huko juu, maji uliyakuta yakoje. Daftari langu ndilo lililonifundisha kwamba korongo ninalolipenda zaidi hukata maji siku ya nne baada ya mvua, na lile la jirani yake huendelea kutiririka hadi siku ya tisa.