Jinsi ya Kutumia Stesheni ya Tono na Treni za Reli ya Kamaishi

Tono ni mji mdogo ulio bondeni, umezungukwa na milima ya mkoa wa Iwate, kaskazini mashariki mwa kisiwa cha Honshu nchini Japani. Stesheni yake iko takriban katikati ya reli ya Kamaishi, inayotoka Hanamaki hadi mji wa pwani wa Kamaishi kwa umbali wa kilomita 90.2. Anayetoka Tokyo hupanda Shinkansen, treni ya mwendo kasi, hadi Shin-Hanamaki, kisha huhamia treni ya dizeli yenye behewa moja au machache tu.

Anza na ratiba, tena ratiba ya kurudi kabla ya ile ya kwenda, kwa kuwa treni ni chache na ukiikosa moja unaweza kusubiri saa mbili au zaidi. Kwenye bango la stesheni, saa huandikwa upande mmoja kwa mfumo wa saa 24, na dakika hufuata mbele yake; kwa hiyo 13 ni saa saba mchana, na mstari usio na dakika yoyote maana yake ni kwamba saa hiyo hakuna treni. Hakikisha unasoma upande wa safari yako, wa Hanamaki au wa Kamaishi, kisha lipige picha bango hilo kwa simu. Njia ni moja, hivyo treni yako ikisimama kwa muda mahali pasipo na abiria, yamkini inasubiri kupishana na nyingine.

Ukipandia Tono, nunua tiketi stesheni kabla ya kuingia jukwaani. Pasi ya reli ya watalii inakubalika, lakini Oktoba 2023 ile ya siku 7 ilipanda bei kutoka yeni 29,650 hadi 50,000, na kwa anayekwenda Tono na kurudi Tokyo tu, sioni faida yake.

Panapowatatiza wageni ni kwenye vituo vidogo visivyo na mfanyakazi. Treni nyingi za huku hazina konda. Dereva ndiye anayepokea nauli. Katika vituo hivyo, panda kwa mlango wa nyuma wa behewa la mbele, na ukiingia tu chomoa kikaratasi chenye namba kutoka kwenye mashine iliyo kando ya mlango. Namba hiyo inaonyesha ulikopandia. Mbele, juu ya dereva, kuna ubao wenye namba zilezile, na chini ya kila namba kuna nauli ambayo huongezeka kadiri treni inavyosonga. Ukishuka kwenye kituo kisicho na mfanyakazi, pita mlango wa mbele, utumbukize kikaratasi pamoja na nauli kamili kwenye sanduku lililo karibu na dereva. Usitarajie kurudishiwa chenji: badilisha kwanza noti ya yeni 1,000 iwe sarafu kwenye mashine ya sanduku hilo, na ufanye hivyo mapema treni ikiwa imesimama, si wakati watu wamepanga foleni nyuma yako. Noti ya 10,000 haitakusaidia hapo.

Milango haifunguki yenyewe. Bonyeza kitufe, na wakati wa baridi bonyeza kile cha kuufunga mlango ukishaingia, maana abiria wenzako wanaona theluji ikiingia.

Kwenye mabango utaona pia majina ya Kiesperanto, lugha ya kubuniwa, likiwemo Folkloro kwa Tono, kwa heshima ya mshairi Miyazawa Kenji, mzaliwa wa Hanamaki aliyeipenda lugha hiyo. Usiyatafute kwenye tiketi, kwani ni ya pambo tu.

Ukitoka stesheni utakuta sanamu za kappa, viumbe wa majini wa ngano za huku. Kijito cha Kappabuchi, nyuma ya hekalu la Jokenji, kiko kilomita kadhaa kutoka hapo. Ofisi ya utalii iliyo karibu na stesheni hukodisha baiskeli, na njia kwa sehemu kubwa ni tambarare katikati ya mashamba ya mpunga. Uliza ofisi inafungwa saa ngapi kabla ya kuondoka na baiskeli, kisha linganisha saa hiyo na ile picha ya ratiba.