Bia ya moshi: usiihukumu kwa funda la kwanza

Kama umezoea lager zetu za kawaida, zile unaletewa chupa inatoka jasho, siku ukikutana na Rauchbier, yaani bia ya moshi ya Bamberg, utadhani kuna mtu kachovya bekoni kwenye glasi yako. Usiirudishe kaunta, haijaharibika, ndo ilivyo.

Bamberg ni mji wa Ujerumani, kaskazini mwa Bavaria, na hapo kuna viwanda viwili vya zamani, Schlenkerla na Spezial, ambavyo mpaka leo vinakausha kimea chao kwa moto wa kuni. Yaani shayiri ikishaota inawekwa juu ya tanuri, chini zinaungua kuni za mti wa biichi, moshi unapanda unapita kwenye kimea kabla hata bia haijaanza kupikwa. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba wanaweka dawa ya ladha, hapana, moshi uko ndani ya nafaka yenyewe. Zamani bia nyingi tu Ulaya zilikuwa na kamoshi sababu kimea kilikaushwa kwa kuni, baadaye yakaja matanuri ya hewa ya moto isiyo na moshi, wengi wakahama, hawa wawili wakabaki na kuni zao.

Sasa kunywa. Kwanza baridi: usiinywe ya barafu, baridi kali inaua harufu na wewe umelipia harufu. Itoe frijini iache kama dakika kumi na tano, ifike nyuzi 8 hadi 10 hivi, na kwa wale wa "ya moto tafadhali" hata hapa msizidishe, ikipata joto kabisa inakuwa nzito mdomoni. Mimina kwenye glasi, sio kunywea chupani, manake pua ndo inafanya kazi kubwa, iache povu lipande kidogo halafu nusa kabla hujagusa.

Funda la kwanza ni moshi mtupu, utakunja uso, sawa. La pili bado moshi. Subiri, usiweke glasi chini ukaanza kusimulia watu jinsi ilivyo mbaya, sababu pua ikishazoea, moshi unarudi nyuma, na hapo ndo unaanza kuonja utamu wa kimea, kama ukoko wa mkate uliookwa vizuri, na uchungu kidogo mwishoni unaokausha ulimi. Wenyeji wa Bamberg wanakwambia glasi moja haitoshi kuielewa, na mi nakubaliana nao ingawa najua ni maneno mazuri sana ya mtu anayeuza bia. Kwao glasi ya nusu lita inaitwa Seidla, na kwenye baa ya Schlenkerla wanaichota kutoka pipa la mbao, inashuka yenyewe bila kusukumwa na gesi, ndo maana inateleza kuliko ya chupa.

Uanze na ipi? Ukiwa muoga anza na ya Spezial, moshi wake ni mpole. Schlenkerla Märzen, kilevi asilimia 5.1, ndo yenyewe, nyeusi-nyekundu na moshi haujifichi. Urbock yao, kali zaidi, ya asilimia 6.5 na ile ya Krismasi ya asilimia 8, ambayo kimea chake kinafukizwa kwa mwaloni, hizo ziache kwanza, sio za mtu anayejifunza. Kuna pia Helles yao, lager ya rangi nyepesi, ambayo kimea chake hakikufukizwa kabisa lakini kamoshi utakasikia tu, kwa vile inapikwa kwenye masufuria yaleyale na hamira ileile.

Chakula ndo penyewe. Kitimoto cha kuchoma na ndizi, aisee, bia inakata mafuta ya nyama, moshi unakutana na moshi, weka na kachumbari yenye ndimu. Sato wa kubanikwa pia poa. Kuku wa kuchemsha au samaki mweupe wa nazi usimuonee, bia itamfunika kabisa.

Ikibaki chupani usimwage. Bamberg wanachukua kitunguu kikubwa, wanakitoboa katikati, wanajaza nyama ya kusaga, wanakioka halafu mchuzi wake unawekwa bia ya moshi. Nyumbani fanya hivyohivyo na vitunguu vyetu vyekundu, bia nusu glasi inatosha, ukizidisha mchuzi unakuwa mchungu.