Theluji Houston: namna ya kucheza na watoto kabla haijayeyuka

Theluji ya Houston haikai. Tarehe 21 Januari 2025 watu waliamka wakakuta jiji limefunikwa, sentimita 5 hadi 10 katika mitaa mingi. Viwanja vyote viwili vikubwa vya ndege vilisimamisha safari, shule zilifungwa, na barabara hazikupitika kwa sababu jiji halina magari ya kutosha ya kuondoa theluji. Mara nyingi inapoanguka huku huwa imeanza kulainika kufikia mchana, na kesho yake kinachobaki ni tope na vipande vya barafu kivulini. Kwa hiyo mwenye watoto ahesabu saa nne au tano za kucheza, akijua kwamba maduka yamefungwa na ndani hakuna buti wala glavu za theluji. Havihitajiki. Vitu vya jikoni na kabatini vinatosha, mradi ujue kwamba adui wa siku hiyo ni maji. Mtoto mkavu anaweza kucheza nusu saa kwenye nyuzi 0 za Selsiasi (32 za Farenhaiti, kama redio za huku zinavyotaja) bila kulalamika. Akilowa soksi, dakika kumi tu analia.

Jambo moja kabla ya kutoka

Nyumba za huku zimejengwa kwa ajili ya joto. Mabomba mengi hupita darini au kwenye kuta za nje bila kufunikwa. Yanaanza kuwa hatarini kuganda hali ya hewa inaposhuka chini ya nyuzi 20 za Farenhaiti, yaani karibu 7 chini ya sifuri. Chomoa mpira wa bustani, funga koki ya nje kwa taulo kuukuu na mfuko wa plastiki juu yake, acha koki za ndani zidondoke kidogo kidogo, za moto na za baridi, na fungua milango ya kabati chini ya sinki ili joto la nyumba lifike kwenye mabomba. Tafuta pia vali kuu ya maji sasa hivi, wakati hakuna dharura. Bomba likipasuka halafu hujui vali ilipo, utakuwa unaogelea sebuleni.

Mavazi

Tabaka la kwanza, linalogusa ngozi, lisiwe la pamba. Pamba hunywa jasho na theluji ikakaa na maji hayo mwilini. Chukua nguo za michezo za poliesta, suruali za kubana za ndani, au sweta jepesi la sufu. Tabaka la pili ni sweta zito. La tatu ni koti la mvua, hata kama ni jembamba, kwa sababu kazi yake ni kuzuia maji na upepo. Joto linatoka kwenye tabaka za chini. Mtoto mdogo huvaa tabaka moja zaidi ya ulizovaa wewe.

Miguu ndiyo inayoharibu siku. Vaa soksi moja nene, juu yake mfuko wa plastiki, mifuko ya mkate inafaa sana kwa watoto, kisha kiatu. Usirundike soksi tatu ndani ya kiatu kinachobana: mguu ukibanwa damu haizunguki vizuri na vidole vinapoa haraka kuliko vingekuwa na soksi moja. Ncha za mfuko zichomeke ndani ya suruali, na suruali ya mvua, kama ipo, ishuke nje ya kiatu. Ukiichomeka ndani ya kiatu umetengeneza mfereji wa kuingizia theluji.

Kwa mikono, soksi za sufu au glavu za kawaida ndani, halafu glavu za mpira za kuoshea vyombo juu. Za mtu mzima humkaa mtoto wa miaka sita vizuri zikifungwa kifundoni kwa bendi ya nywele. Mtoto wa miaka miwili atazivua kila dakika, kwa hiyo mvalishe soksi ndefu mpaka kwenye kiwiko, chini ya mkono wa koti. Andaa jozi ya pili ikae mlangoni.

Mtoto wa chini ya mwaka mmoja atoke dakika kumi tu, amebebwa kifuani, uso wake ukiuona. Na kama kuna safari ya gari, mvue koti zito kabla ya kumfunga kwenye kiti chake. Koti hilo hubonyea gari likigonga na mikanda hubaki imelegea. Mfunge kwanza, umfunike blanketi juu ya mikanda.

Jaribu theluji kwenye kiganja

Okota gao moja, uikaze. Ikishikamana na kuacha alama za vidole, ni theluji mbichi, inayoanguka joto likiwa karibu na sifuri. Hiyo ndiyo ya kujengea. Ikimwagika kama unga wa sembe, ni kavu. Inateleza vizuri lakini haijengi kitu. Mara nyingi theluji ya alfajiri ni unga, na ikifika saa nne asubuhi jua linapoipiga inaanza kunata, kwa hiyo anza na kuteleza, ujenge baadaye. Kama huwezi kungoja, nyunyizia maji kidogo kwa chupa ya kupulizia.

Mtu wa theluji

Unahitaji angalau sentimita 5 ardhini, la sivyo mpira utakusanya majani ya bustani kuliko theluji na mtakuwa na mtu mwenye ndevu mwili mzima. Finyanga tonge la ukubwa wa chungwa, liweke chini, liviringishe. Hapa wengi hukosea: huviringisha upande mmoja tu na kupata gurudumu refu kama gogo. Kila baada ya mizunguko miwili geuza mwelekeo, na pigapiga kwa viganja ili ikaze.

Vipimo vinavyosimama ni mpira wa chini wa sentimita 60, wa kati 45, kichwa 30. Wa chini uviringishe hadi hapo hapo mnapotaka asimame, kwa sababu theluji mbichi iliyokazwa ya ukubwa huo hufika kilo 40 na zaidi, na hakuna atakayeinyanyua. Wa kati nao una karibu kilo 20. Unyanyuliwe na mtu mzima kwa magoti, sio kwa mgongo. Kabla ya kupandisha, kata kilele cha mpira wa chini kiwe bapa, jaza theluji kwenye mwanya wa maungio na ukaze pande zote. Akisimama kivulini upande wa kaskazini wa nyumba atadumu siku moja zaidi ya yule wa kusini. Macho yawe vifuniko vya chupa, pua karoti. Usimvike kofia nyeusi kama unataka adumu: rangi nyeusi hunywa jua na kichwa huyeyuka kwanza.

Theluji ikiwa kidogo, tengenezeni mdogo wa sentimita 20 juu ya trei ya kuokea. Huyo anaweza hata kuhamishiwa kwenye friza.

Kuteleza

Mfuniko wa kontena kubwa la plastiki la kuhifadhia nguo ndicho chombo bora kilichomo nyumbani. Kikifuatiwa na kikapu cha plastiki cha nguo chafu, kisha boksi lililokunjuliwa na kuvikwa mfuko mkubwa wa taka (bila mfuko, boksi linalowa na kuchanika safari ya tatu). Trei ya chuma inakimbia mno kwa mtoto mdogo na ina kingo kali.

Houston ni tambarare, kwa hiyo shida ni kilima. Kile cha nyasi cha Miller Outdoor Theatre ndani ya Hermann Park kinajulikana na kila mtu, na kinajaa. Kingo za mabayu, ile mifereji mikubwa ya maji ya jiji, zinavutia lakini mwisho wake ni maji, ziache. Kilima kinachofaa hakina mti, uzio wala barabara chini yake, na kina sehemu tambarare ndefu ya kusimamia. Mtoto akae, miguu mbele. Kulala kifudifudi kichwa kikitangulia ndiko kunakovunja meno. Na kamba nyuma ya gari, hata likienda polepole, hapana: gari likifunga breki, chombo hakifungi.

Ya kula

Weka bakuli kubwa safi nje, juu ya meza, lakini ngoja saa moja baada ya theluji kuanza; ile ya mwanzo husafisha hewa na kushuka na vumbi. Ya ardhini wasile, hasa yenye rangi. Mbwa wa jirani naye ametoka kutembea.

Kwa watu wanne: vikombe 8 vya theluji nyepesi, kopo moja la maziwa mazito ya sukari (gramu 397), kijiko kimoja cha chai cha vanila, robo kijiko cha chai cha iliki iliyosagwa, na chembe ya chumvi. Maziwa yakae kwenye friji kwanza, na bakuli la kuchanganyia libaki nje dakika kumi. Ukitumia bakuli la joto la jikoni utapata supu. Mimina nusu ya maziwa, geuza kwa mwiko kutoka chini kwenda juu bila kuponda, ongeza yaliyobaki kidogo kidogo, na simama mara tu inapofanana na aiskrimu laini. Ikilegea, ongeza theluji. Mle palepale, maana ikirudishwa friza inakuwa jiwe.

Picha

Kamera ya simu ikiona weupe mwingi hudhani mwanga umezidi na kupunguza, ndiyo maana nyuso zetu hutoka nyeusi tititi na theluji hutoka ya kijivu. Gusa uso wa mtoto kwenye kioo, kisha telezesha alama ya jua juu mpaka ngozi yake ionekane ilivyo. Theluji ikipotea kuwa karatasi nyeupe, rudisha kidogo. Piga ukiwa na jua ubavuni, si nyuma ya watu. Simu ikae mfuko wa ndani wa koti kati ya picha na picha. Baridi huangusha betri hata ikiwa na asilimia 40.

Wakati wa kurudi ndani

Dakika 20 hadi 30, kisha ndani, hata kama wanakataa. Gusa shingo ya mtoto chini ya koti, sio mikono: mikono hupoa mapema na haikuambii chochote. Anayetetemeka bila kukoma, aliyenyamaza ghafla au anayesinzia, aingie hapo hapo.

Miongozo mingi inasema tazama wekundu wa ngozi. Kwa ngozi nyeusi utasubiri bure. Tazama vidole, masikio na ncha ya pua: palipopauka kama pamepakwa majivu, pakawa pagumu kwa kugusa, au mtoto asiposikia unapopabonyeza, baridi imeingia. Loweka kwenye maji ya vuguvugu ya nyuzi 37 hadi 39, unayoyapima kwa kiwiko. Usisugue, usipake theluji, usisogeze motoni. Sehemu iliyokufa ganzi haijui kwamba inaungua. Rangi na hisia zisiporudi, au malengelenge yakitokea, ni hospitali.

Nguo zote zivuliwe mlangoni juu ya taulo. Viatu vijazwe magazeti, yabadilishwe baada ya saa moja. Uji au chai ya tangawizi iwe tayari kabla hamjatoka, kwa sababu mkirudi mikono yote itakuwa na kazi ya kuvua soksi.

Umeme ukikatika

Hapa hatutanii. Katika baridi ya Februari 2021 mamilioni ya watu Texas walikaa gizani, na hesabu rasmi ya jimbo ilifika vifo 246. Baadhi ni vya watu waliovuta hewa ya kaboni monoksidi wakijaribu kupasha nyumba joto. Jiko la mkaa lisiingie ndani kabisa, hata dirisha likiwa wazi, hata ukiwa umezoea kulitumia barazani nyumbani. Nyumba hizi zimezibwa, na hewa hiyo haina harufu wala rangi. Oveni ya gesi nayo si hita. Jenereta likae nje, mita 6 au zaidi kutoka kwenye madirisha. Gari lisiwashwe ndani ya gereji, na likiwa nje, fukua theluji kwenye ekzosi kabla ya kuliwasha.

Usiku na asubuhi ya pili

Kilichoyeyuka mchana hugeuka kioo usiku. Kabla ya jua kuzama fagia ngazi na njia kwa ufagio mgumu, kisha nyunyiza chumvi ya jikoni. Kikombe kimoja kikubwa kinatosha njia ya gari ya mita 6. Chumvi hufanya kazi vizuri mpaka nyuzi 9 hivi chini ya sifuri, zaidi ya hapo tumia mchanga, au ule udongo wa choo cha paka, upate mshiko. Maji ya moto usimwage ngazini, yatarudi kuwa barafu, wala kwenye kioo cha gari, kitapasuka. Tembeeni kama bata: hatua fupi, nyayo zikitazama nje kidogo, mikono nje ya mifuko.

Mtoto akitaka kuweka akiba, fanyeni mpira mmoja mdogo, uufunge kwenye mfuko wa friza, uutoe hewa, uandike tarehe. Utasinyaa taratibu hata ukiwa umeganda. Na ukishakaa humo siku mbili ni barafu tupu, kwa hiyo usirushiwe mtu.