Kabla Hujaihamisha Okidi Mpya, Itazame Mizizi

Okidi yangu ya kwanza iliishi wiki saba. Nilizawadiwa na dada mmoja wa ofisini, ina maua kumi na moja meupe, imekaa kwenye chungu cha kauri kilichofungwa utepe. Jioni ile ile nikapita kwa muuza miche wa kando ya barabara, nikanunua mfuko wa udongo wa msituni uliochanganywa na samadi, nikaihamisha. Asubuhi kikombe cha maji, jioni kikombe. Wiki ya nne maua yakapukutika. Wiki ya sita majani yakanywea kama mchicha wa jana, nami kwa kudhani ni kiu nikaongeza maji. Nilipoing'oa, mizizi ilikuwa imegeuka uji mweusi, inanuka kama mtaro.

Kwa hiyo kama umeleta okidi nyumbani leo na mikono inakuwasha, uache kwanza mfuko wa udongo ulipo.

Anza kwa kujua umenunua ipi. Ile inayouzwa sana madukani ni Phalaenopsis. Jina hilo la Kigiriki lina maana ya kufanana na nondo. Nondo mdudu, siyo nondo za ujenzi. Utaitambua kwa majani machache mapana na manene yaliyopandana kushoto na kulia, na kikonyo kirefu cha maua kilichoegemezwa kwenye kijiti. Kama yako ina mashina yenye pingili kama miwa midogo, huenda ni Dendrobium, nayo huweka akiba ya maji ndani ya mashina hayo. Phalaenopsis haina ghala la namna hiyo. Akiba yake iko kwenye majani na mizizi, basi.

Asili ya Phalaenopsis ni misitu ya joto ya Asia ya Kusini-Mashariki, Ufilipino na Indonesia zikiwemo, hadi kaskazini mwa Australia. Huko haioti ardhini. Hushika gome la mti, mizizi ikining'inia hewani, na wala haiunyonyi mti huo. Inaazima mahali pa kukaa tu. Mvua inanyesha, mizizi inalowa, upepo unapita, baada ya saa chache imekauka tena. Mizizi yenyewe imevikwa tabaka nene lenye vinyweleo kama sifongo, liitwalo velameni. Likiwa kavu lina rangi ya fedha. Likishiba maji linakuwa la kijani. Rangi hizo mbili zitakusaidia kuliko ushauri wowote wa muuzaji.

Kuna mtu huwa haachi kuuliza: mbona okidi za Kitulo, kule nyanda za juu kusini mwa Tanzania, zinaota kwenye udongo? Ni kweli. Uwanda wa Kitulo, unaoitwa Bustani ya Mungu na uliofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, una aina zaidi ya 40 za okidi, na nyingi ni za ardhini, zenye viazi chini. Hizo ni ukoo mmoja na ya dukani, lakini maisha ni mbalimbali. Kama unataka ndugu wa karibu kitabia, mtazame Ansellia africana, ile ya maua ya manjano yenye madoa ya kahawia kama chui, inayokaa kwenye panda la mti huku kwetu Afrika. Itazame tu, usiing'oe: okidi zote duniani zimo kwenye mkataba wa CITES unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama pori, na iliyong'olewa porini mara nyingi hufa mikononi mwa anayeanza.

Swali la pili, ambalo mimi sikujiuliza: je, ni lazima kuihamisha? Kama ina maua, kwa kawaida jibu ni hapana. Maua ya Phalaenopsis hukaa miezi miwili hadi mitatu, na ukiisumbua mizizi wakati huo utayapoteza. Chomoa chungu cha ndani. Mara nyingi ndani ya kile cha urembo kuna kingine cha plastiki inayopitisha mwanga, na hapo unaweza kuona mambo bila kumwaga kitu. Mizizi minono, ya fedha au ya kijani, ni mizima. Ya kahawia iliyobonyea, ambayo ukiiminya inatoa maji au inabaki kama uzi, imekufa. Nusa pia. Harufu inayotakiwa ni ya msitu baada ya mvua. Ukisikia uvundo, hapo ndipo unapoihamisha leo hata kama ina maua. Vivyo hivyo ukikuta wadudu ndani ya chungu. Kama tatizo ni chungu cha plastiki kisicho na tundu, pasha msumari moto utoboe chini na ubavuni, mmea ubaki ulipo. Mizizi inayotoka nje na kuning'inia hewani si ugonjwa. Usiikate, usiifukie.

Usiiweke mara moja pamoja na mimea yako mingine. Wiki mbili ikae peke yake, na ukague chini ya majani na pale yanapokutana. Vitu vyeupe kama vipande vya pamba ni wadudu, vigamba vidogo vya kahawia vilivyogandamana ni wadudu pia, na utando mwembamba ni kazi ya utitiri. Pamba iliyochovywa kwenye spiriti inatosha kuwafuta wakiwa wachache.

Wiki hizo hizo utaijaribu sehemu ya kukaa. Inataka mwanga mwingi usio wa jua kali. Dirisha la mashariki linalopata jua la asubuhi ni zuri. Kinga mkono kati ya dirisha na mmea: kivuli kikiwa hafifu chenye kingo laini, hapo pako sawa, kikichorwa wazi kabisa, weka pazia jepesi. Isipigwe na upepo wa kiyoyozi. Isikae jirani na bakuli la matunda, kwa sababu ndizi zinazoiva hutoa gesi ya ethilini inayofanya vichipukizi vya maua vinyauke kabla ya kufunguka. Na ukiona viwili vitatu vimeanguka siku za mwanzo, huenda ni uchovu wa safari. Usikimbilie maji.

Maandalizi yafanye wakati maua bado yapo, ili yakishaanguka uihamishe. Kinachohitajika si udongo, ni vipande: magome ya msonobari yenye ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, na mkaa kidogo. Mkaa uwe ambao haujawahi kuwashwa, umeoshwa vumbi. Magome yaloweke usiku kucha, maana yakiwa makavu yanakataa maji, yanayaacha yapite tu. Kwa sisi wa pwani kuna makumbi ya nazi, tena ya bure. Yakate vipande, yaloweke siku kadhaa ukibadilisha maji mara nyingi, kwa kuwa yana chumvi. Ila makumbi hutunza unyevu sana. Dodoma ni faida, Tanga wakati wa masika ni balaa. Mimi nayaweka robo tu, kilichobaki ni magome.

Chungu kisizidi kile cha zamani kwa zaidi ya sentimita 2 au 3 upana. Hapa ndipo wengi tunapoponzwa na ukarimu. Chungu kikubwa kina kiini ambacho mizizi haikifikii na hewa haiendi, na kiini hicho hakikauki. Plastiki inayopitisha mwanga ni bora kwa anayeanza kwa sababu utaona rangi za mizizi. Mimi kimoja nimekitengeneza kwa kukata chupa kubwa ya maji na kuitoboa matundu kwa msumari wa moto. Chungu cha udongo wa kufinyanga kinapumua vizuri, lakini mizizi hushikamana nacho na siku ya kuhama inakatika.

Mkasi upitishe kwenye moto kabla ya kuutumia, na kila unapohama mmea mmoja kwenda mwingine. Okidi zina virusi vinavyosafiri kwa utomvu kwenye makali ya mkasi, na havina dawa.

Siku yenyewe sasa. Maji uipe siku moja kabla, mizizi ilainike isivunjike. Minyaminya chungu, uitoe taratibu, kisha tafuta katikati kabisa, chini ya majani. Hapo mara nyingi pamebanwa donge la sfagnamu, mmea laini wa kinamasi uliokaushwa, ambamo mche ulikuzwa tangu ukiwa mdogo. Kwa nje chungu kinaweza kuonekana kikavu, donge hilo bado limelowa, na kuoza kunaanzia hapo. Okidi yangu ya pili nusura iuawe na donge hili: nilikuwa nimeshaifungia magome mapya juu yake, nikakumbuka, nikaifungua upya. Litoe kwa vidole na subira. Kata mizizi iliyokufa tu. Unga wa mdalasini unasaidia kukausha vidonda, na jikoni kwetu haukosekani, ila gusisha palipokatwa peke yake. Ukiunyunyiza kwenye mizizi mizima nayo inakauka.

Ukiirudisha, shingo ya mmea, pale majani yanapoanzia, ibaki juu ya magome. Jaza magome ukisukumiza kwa kijiti hadi mmea usitikisike. Ukiyumba, uegemeze kwenye kijiti cha mishikaki. Kama ulikata mizizi mingi, subiri siku tatu au nne ndipo umwagilie. Mbolea isubiri hadi uone ncha mpya za mizizi, na hata hapo iwe robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti.

Kuhusu maji watu wanataka kuambiwa siku. “Mara ngapi kwa wiki?” Shangazi yangu ananiuliza kila nikienda kwake, na kila mara namjibu kwa kumpa chungu akishike. Kizito, kiache. Chepesi na mizizi ya ndani imegeuka fedha, mwagilia. Huna uhakika, chomeka kijiti kikavu katikati, kisubiri dakika kumi, kitoe ukiweke shavuni; kikiwa na ubaridi wa unyevu, rudi kesho. Kwangu Dar es Salaam, kwenye magome, Januari inakuwa kila baada ya siku tano, masika ni tisa. Iliyo kwenye sfagnamu inachukua muda mrefu zaidi.

Ukimwagilia, mwagilia kweli. Peleka chungu kwenye sinki, maji yapite kwenye magome hadi yatiririke chini, au kizamishe kwenye bakuli kwa dakika 10 hadi 15. Kisha kichuruzike chote kabla ya kukirudisha kwenye chungu cha urembo. Maji yaliyotuama humo ndiyo yaliyoiua ile yangu ya kwanza, ukiacha udongo. Fanya asubuhi, na maji yakiingia katikati ya majani, yafyonze kwa tishu. Yakilala hapo usiku, moyo wa mmea unaoza na hauchipui tena.

Maji ya mvua ndiyo mazuri. Maji ya kisima yenye chumvi, ambayo wengi mjini tunayo, huacha ukoko mweupe kwenye magome na kuunguza ncha za mizizi. Kuyachemsha hakuondoi chumvi. Kama huna namna, pitisha maji ya mvua mengi kila unapoyapata ili yaoshe.

Marekani kuna okidi zinazouzwa na maelekezo ya kuwekewa vipande vya barafu kila wiki. Watafiti wa vyuo vikuu vya Ohio State na Georgia walilipima jambo hilo kwa Phalaenopsis zilizo kwenye magome, wakachapisha mwaka 2017 kwamba barafu haikuzidhuru. Nadhani kinachosaidia ni kipimo: barafu inamzuia mwenye mkono mwepesi kumimina jagi zima.

Na majani yakilegea, kumbuka mchicha wangu wa jana. Okidi yenye kiu hulegea, na okidi iliyooza mizizi hulegea vile vile, kwa kuwa haina tena cha kunywea. Usishike kikombe kabla hujachomoa chungu na kutazama.

Jambo la mwisho ni kalamu ya wino usiofutika. Andika tarehe ubavuni mwa chungu siku unapoihamisha, maana magome huoza na kushikana, na baada ya takriban miaka miwili yanakuwa matope kama yale niliyoyanunua kando ya barabara. Yangu moja imeandikwa Julai, na mzizi mpya umeshaota juu ya herufi ya J.