Chagua swali kwanza, kitabu baadaye: namna ninavyosoma vitabu vya uongozi

Ninasimamia ghala katika Eneo la Viwanda, hapa Nairobi, na vijana kumi na wanane wanaopakia na kupakua mizigo wako chini yangu. Nilipopandishwa cheo nilinunua vitabu vya uongozi kwa pupa, vingi vya mtumba. Nilivimaliza vyote na kazini nikabaki yuleyule. Ilinichukua muda kuona kwamba nilikuwa nanunua majibu ilhali sikuwa na swali.

Hatua ya 1: Andika swali lako

"Nataka kuwa kiongozi bora" si swali. Hata ukisoma miaka kumi hutajua kama umefika. Andika jambo lililokukosesha usingizi wiki hii, lenye mtu na siku ndani yake. Langu lilikuwa hili: "Kwa nini kwenye mkutano wa Jumatatu hakuna anayefungua mdomo?"

Hatua ya 2: Onja kabla ya kulipa

Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931 pale Banda Street, ina matawi Kaloleni na Makadara, kwa hiyo anayeishi Eastlands, mashariki mwa jiji, si lazima apande matatu hadi mjini. Chukua vitabu vitatu, keti navyo saa moja. Ruka utangulizi, fungua katikati. Tafuta mahali ambapo mwandishi anakiri kwamba alikosea. Tafuta pia mtu aliyefuata ushauri uleule na mambo yakamwendea kombo. Ukikosa vyote viwili, kirudishe. Vitabu vingi vya mafanikio hukusanya waliofanikiwa peke yao: fulani aliamka saa kumi alfajiri, akatajirika. Na mama mboga anayeamka saa tisa usiku kila siku kuwahi soko la Marikiti, yeye mbona hayumo?

Usijifungie kwenye rafu ya uongozi. Tawasifu hufundisha sana kwa sababu huonyesha kazi kabla ya sifa. Wangari Maathai, katika *Unbowed* ya mwaka 2006, anaeleza alivyopinga jengo la ghorofa 60 lililotakiwa kusimamishwa Uhuru Park mwaka 1989, na ukisoma kwa makini utaona barua, ofisi baada ya ofisi. Kumbuka tu kwamba tawasifu ni ushahidi wa mwenye kesi. Msikilize, kisha utafute mwingine aliyekuwepo.

Riwaya nazo msizidharau. Iliyonibadilisha mimi ni riwaya.

Hatua ya 3: Daftari la kurasa mbili

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo wengi wanapoparuka. Fungua daftari. Ukurasa wa kushoto andika kilichosemwa au kilichotendeka kitabuni, kwa maneno yako, mistari miwili mitatu. Wa kulia andika tukio la maishani mwako linalofanana nacho. Usiandike maoni. Maoni hutusifu, tukio lina saa, lina sauti, lina uso wa mtu.

Nilikuwa nasoma riwaya ya *Kusadikika* ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951. Ndani yake kuna wajumbe sita waliotumwa nje ya nchi wakatafute mema, na kila aliyerudi na habari aliishia kufungwa. Nikayaandika hayo kushoto. Kulia nilikaa na kalamu kama nusu saa, kisha likaja: kijana mmoja alikuwa ameniambia mkutanoni, "Bosi, lori la pili likifika saa kumi na moja, tunatoka saa tatu usiku na nauli ya Kayole imeshapanda." Nami nilimjibu mbele ya wenzake, "Kazi ikikushinda, sema." Mimi ndiye niliyewaomba walete maoni. Niliwatuma, wa kwanza aliporudi nikamfunga. Jibu la swali langu lilikuwa limelala kwenye daftari lenyewe.

Usiendelee na sura inayofuata siku hiyo. Funga kitabu, lala na tukio hilo.

Hatua ya 4: Kitendo kimoja, chenye tarehe

Kimoja tu. Mimi niliandika: "Jumatatu nitamwomba radhi palepale nilipomkemea, na mbele ya walewale." Kuomba radhi faraghani kungekuwa rahisi kwangu, lakini wenzake walishajifunza kunyamaza hadharani.

Hatua ya 5: Waulize unaowaongoza

Baada ya mwezi, mwulize mtu mmoja asiyekuogopa sana: kuna kilichobadilika? Usijitetee. Andika jibu lake kwenye ukurasa wa kulia, hata likichoma, kisha rudi kwenye kitabu usome tena sehemu ileile. Ikiwa hakuna aliyeona tofauti, kitabu bado hujakimaliza.

Kwangu, lori la pili lilisogezwa hadi saa tisa alasiri baada ya mazungumzo marefu na ofisi ya usafirishaji. Jumatatu mbili za mwanzo bado kulikuwa kimya. Ya tatu, kijana yule aliinua mkono, na wala hakuzungumzia lori. Alisema kamba za kufungia mizigo zimechakaa na siku moja mzigo utamwangukia mtu. Tulizikagua asubuhi hiyohiyo, tukatupa tisa.